Sindano Aliyoimeza Fundi Abedi

Niliamini, tena nikiwa mtu mzima mwenye ndevu na mke, kwamba Fundi Abedi alimeza sindano utotoni kule Kilimatinde. Sindano hiyo, walisema, haikutoka. Ilitembea mwilini mwake miaka saba, ikapita tumboni, ikapanda mgongoni, mwishowe ikapata makazi nyuma ya jicho la kushoto. Tangu hapo Fundi akimtazama mtu mara moja tu, anajua kiuno chake, kifua chake, urefu wa mikono yake na mwezi atakaonenepa. Sokoni Singida kila mtu aliijua habari hii. Muuza chumvi mmoja aliniapia kuwa siku za baridi sindano humchoma Fundi, ndiyo maana jicho lile hutoa machozi. Nikaenda kulitazama jicho. Kweli, lilikuwa linatoa machozi. Nilitaka ushahidi gani zaidi?

Chekeni, vijana, chekeni tu. Lakini ninyi mnaojifunza kushona siku hizi, kila mmoja ana sindano yake anayoiamini. Huyu anasema ubunifu uko kwenye mashine ya umeme. Yule anasema uko kwenye vitabu vya mitindo vyenye picha za wasichana wembamba kama mabua. Mimi nilidhani uko nyuma ya jicho la mtu mwingine, nami sikupewa.

Wakati huo Mwingereza bado yuko bomani, na bendera yake inapigwa na upepo wa Singida. Upepo wenyewe mnaujua: unamvua mtu kofia hapa, akaikute Manyoni imeshapata mwenyewe mwingine. Fundi Abedi alikuwa na vyerehani vitatu kwenye baraza ya duka la Mhindi. Mimi nilitoka Issuna kwa miguu nikijua kushona magunia tu, nikamwambia kwamba najua kila kitu. Akanipa kipande cha amerikani na sindano. Baada ya dakika tano akasema, "Wewe mtu wa Issuna, umeshona kitambaa pamoja na suruali yako." Kweli, niliposimama, nilisimama nacho.

Kusoma nilijifunzia hapo hapo mjini, katika darasa la jioni la watu wazima. Nilihitimu wa kwanza kati ya watu wanne, ingawa wawili walikuwa wameacha kuja na wa tatu alikuwa haoni ubao.

Nitawaambia makosa yangu kabla hamjayasikia kwa wengine. Amerikani ya siku zile ilikuwa lazima uiloweke na kuianika kabla ya kuikata, kwa sababu ikilowa mara ya kwanza ilikuwa inajikunja na kufupika kama kinyonga aliyetishwa. Mimi nilikuwa na haraka. Nikamshonea mzee mmoja kanzu bila kuloweka. Alitoka nyumbani na kanzu, mvua ikamkuta njiani, akafika msikitini na shati. Mpaka leo nikikutana na wajukuu zake wananiangalia miguuni, sijui wanatafuta nini.

Fundi Abedi hakuwa mtu wa maneno mengi. Alichokijua kilikuwa kwenye nguo, tena mahali usipopaona. Mwinjilisti mmoja aliagiza suruali ya kaki, suruali ya kawaida. Fundi akaweka kitambaa cha pili magotini, kwa ndani, bila kuambiwa. Suruali ikadumu mpaka mwinjilisti mwenyewe akaichoka. Mama mmoja muuza karanga aliagiza gauni. Fundi akamwachia upana wa vidole vinne ndani ya mshono wa kiunoni. Yule mama akakasirika, "Unanipotezea kitambaa changu!" Baada ya miezi mitatu alirudi polepole, mkono mgongoni, akauliza kama ule mshono unaweza kufumuliwa kidogo. Hata mumewe alikuwa hajaambiwa habari ya mimba siku ile gauni linashonwa. Sasa niambieni, mtu anajuaje hayo? Sokoni wakasema: sindano. Nami nikaitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Siku moja akaja Mzee Mkumbo.

Mkumbo alikuwa Mnyiramba wa Ulemo, tarishi wa bomani, mpeleka barua. Alipigana vita kule Bama, ng'ambo ya bahari, akiwa askari wa keya, jeshi la Mwingereza, akarudi bila mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ulibaki, lakini vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimekakamaa kama vijiti. Alikuwa mrefu, mnyoofu, mtu wa kuchana nywele. Akaweka mezani kitambaa cha sufu nyeusi, kizuri, alichokitunza sandukuni tangu arudi.

"Nataka koti," akasema. "Binti yangu Elizabeti anaolewa. Harusi ni nyumbani, Ulemo. Nitaondoka hapa baada ya majuma matatu."

Fundi akamtazama. Jicho likatoa machozi. Halafu, vijana, akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akanisogezea mimi kile kitambaa.

"Ntandu atakushonea."

Mkumbo akanipima kwa macho. "Huyu Mnyaturu? Si ndiye aliyewageuzia watu kanzu zao kuwa mashati?"

"Ndiye," akasema Fundi. "Sasa analoweka."

Basi nikaliona lile kuwa ndilo koti litakalonitoa. Nikasema moyoni, leo Singida itajua kuwa Ntandu ana mawazo. Nikaweka mifuko sita. Nikaweka vifungo vinane mbele, vidogo, vya kung'aa, vimepangwa karibu karibu kama meno. Nikaweka vingine vinne kwenye kila mkono wa koti. Ndiyo, hata kwenye ule mkono wa kulia ambao usingeingiwa na kitu. Mgongoni nikatia mkanda wa mapambo. Kama ningepata nafasi ningetia na kengele. Siku mbili kabla ya Mkumbo kuja, watu walikuwa wanapita barazani kulitazama tu. Muuza chumvi alisema koti lile lingeweza kuoa lenyewe.

Mkumbo akaja kujaribu. Tukamvisha, mimi upande huu, Fundi upande ule. Nikamfunga vifungo vyote vinane, maana vilikuwa vimebana, ndiyo uzuri wake. Akasimama. Wapita njia wakashangilia. Mama mmoja akapiga vigelegele kabisa, akidhani harusi ndiyo ile.

Mkumbo akajitazama kwenye kioo cha duka. Akapeleka mkono wa kushoto kwenye mfuko wa kifuani. Mfuko ulikuwa kushoto vilevile, kwa hiyo akajikunja kama mtu anayejikuna kwapa, na hakuufikia. Akaacha. Akashika kifungo cha juu kwa dole gumba. Kikateleza. Akajaribu tena. Kikateleza. Jasho likamtoka kwenye paji la uso.

"Zuri sana," akasema. Kisha, kwa sauti ndogo, bila kunitazama, "Nifungue."

Nikamfungua. Akachukua mfuko wake wa barua, akatuaga kwa adabu, akaenda. Hakusema koti ni baya. Laiti angesema! Mtu akikutukana unapata cha kumjibu.

Fundi Abedi akalikunja koti taratibu, akaliweka mapajani mwangu. "Umeshona koti la kutazamwa," akasema. "Huyu anataka la kuvaa. Zimebaki siku nane. Na sufu hiyo haina nyingine, mji mzima. Ukiiharibu, ataenda kusimama mbele ya wakwe na shati la utarishi."

"Nifanyeje, Fundi?"

"Mimi nitajuaje? Aliyelishona ni wewe."

Hapo nikajua kuwa nimefikishwa mwisho wa akili zangu, na kwamba dawa ni moja. Kumeza sindano nzima niliogopa, mke wangu alikuwa bado mchanga. Nikafikiri, basi ninywe hata nguvu yake. Asubuhi nikachukua sindano kumi na mbili, nikazichemsha kwenye sufuria nyuma ya nyumba ya Fundi, nikayaacha maji yapoe, nikanywa kikombe kizima. Yalikuwa na ladha ya kufuli. Nikatoka kwenda kuwatazama watu njiani nione kama vipimo vinakuja. Sikuona ila watu. Kesho yake nikaongeza sindano, zikawa ishirini.

Siku ya tatu mke wa Fundi, Mama Zaituni, akanikuta.

"Ntandu, unapika nini kwenye sufuria yangu?"

"Shikamoo, mama. Nachemsha sindano zisishike kutu."

"Marahaba. Na hayo maji unayanywa ili nani asishike kutu?"

Akainua sufuria, akachungulia, akayamwaga yote chini, kuku wakakimbia. "Una siku tano za kazi ya mtu, na wewe unakunywa supu ya chuma! Umeshamwona huyo mzee akila? Umeshamwona akivaa kofia? Koti ni la nani, la sindano au la Mkumbo?"

Aliniaibisha, lakini alinipa kazi. Nikavaa kofia, nikaenda bomani.

Nikakaa karibu na mlango wa ofisi kama mtu mwenye shauri. Nikamwona Mkumbo akinusa tumbaku. Kikopo alikibana kati ya magoti, akakifungua kwa dole gumba, akanusa, akakifunga kwa kukigonga kwenye paja. Upesi, safi kabisa, hukuweza kuona kilichokosekana. Nikamwona akiweka barua mfukoni. Alipenda mfuko wa upande wa kulia, ambako mkono wa kushoto unaingia wenyewe ukipita tumboni. Nikaona upepo ukimjia, shati likipeperuka, naye akalibana kwa kidevu. Mtu huyu alikuwa ameshabuni njia mia za kuishi. Mimi nilikuwa nimemshonea koti lisiloijua hata moja.

Jioni ile nikamkuta Elizabeti kisimani. Nikamwuliza juu ya harusi, akajibu kwa furaha, kisha akaweka ndoo chini.

"Kaka Ntandu, baba anaamka kabla ya jogoo. Anakaa kitandani ananisubiri nimfunge shati. Hajawahi kuniita. Anasubiri tu. Nikiamka ananiambia, 'Ulilala vizuri, mama?' kama kwamba ametoka kuamka sasa hivi."

"Na ukishaolewa?"

"Kaka zangu wako mkongeni Tanga. Mama alishafariki. Nimemwambia nitamwomba mchumba tusogeze harusi mwakani. Amekataa, amenigombeza. Lakini namwuliza, 'Atakufunga nani?' Anasema anashonesha koti."

Nilirudi barazani nikiwa nimebeba ile habari kama gunia la mtama. Nilikuwa nimedhani koti ni la siku moja ya sherehe. Kumbe ni la kila asubuhi baada ya hapo.

Sasa sikilizeni, hii ndiyo sehemu ya ufundi, na mwenye kuandika aandike. Nilimwomba Mama Zaituni anifunge mkono wa kulia kiunoni kwa kanga, na vidole viwili vya kushoto anifunge kwa kitambaa pamoja na kijiti. Nikakaa hivyo siku mbili nikilivaa na kulivua lile koti. Niliipata habari yangu. Nilipokwenda kunywa chai, jamaa wakaanza.

"Ntandu, mkono umeuweka rehani?"

"Hapana, ameukata akidhani ni amerikani!"

"Mwacheni, umejikunja kwa mvua!"

Nikamwaga chai yangu yote mapajani, wakashangilia mpaka punda wakageuka. Lakini nilijifunza mambo ambayo macho peke yake hayakunifundisha. Adui hakuwa kifungo tu. Adui ni kwamba hakuna mkono wa pili wa kushika kitambaa kisikimbie. Unasukuma kifungo, koti lote linakwenda nacho. Na kifungo kilichoshonwa kikalala bapa juu ya nguo, kidole hakina pa kukishikia.

Nikafumua. Matundu manane yalikuwa yameshakatwa, na tundu likishakatwa halirudi. Nikaiangalia ile mifuko sita niliyojisifia. Nikaing'oa minne, nikatoa na mkanda wa mgongoni, nikaunga vile vipande, nikapata ukanda wa sufu wa kufunika matundu yote kutoka shingoni mpaka chini. Mapambo yangu yote yakaenda kuziba makosa yangu. Juu ya ukanda nikakata matundu matatu tu, marefu kidogo, nikayalaza mshazari, kufuata njia ambayo dole gumba linapita lenyewe. Vifungo nikachonga kwa pembe ya ng'ombe, vinene, nikavichimbia mfereji pembeni ili kidole kisiteleze. Uzi nikaupaka nta ya nyuki, nikauzungushia chini ya kila kifungo mpaka kikapata shingo, kikasimama. Ule mfuko wa kifuani nikauhamishia ndani, upande wa kulia. Halafu kwenye pindo la mbele, pande zote mbili, nikashonea ndani senti mbili mbili zile za tundu katikati, uzi ukipita kwenye tundu. Uzito ule ukavuta kitambaa chini kikatulia, upepo ukija na usipokuja. Kutoka nje huzioni. Hakuna mtu aliyewahi kunisifu kwa zile senti, na ndizo nilizozifikiria kuliko kitu chochote maishani, ukiacha mahari yangu.

Lilibaki jambo moja, na hilo nilikwenda kumwuliza mwenyewe. Nilimkuta njiani na barua zake.

"Shikamoo, Mzee Mkumbo. Huu mkono wa kulia wa koti, tuufanyeje? Tuukate? Tuubane kwa pini?"

Akashusha mfuko wa barua chini. "Hakuna aliyewahi kuniuliza," akasema. "Hospitali walibana kwa pini. Bomani wakabana kwa pini. Usiukate. Ulikuwa mkono."

Basi nikauacha mrefu, ncha yake nikaishonea ndani ya mfuko wa ubavuni, ikakaa kama mkono wa bwana aliyetulia anasubiri treni.

Siku ya nane akaja pamoja na Elizabeti. Safari ilikuwa kesho yake. Sikumvisha. Nililitundika koti kwenye msumari, usawa wa bega lake, nikarudi nyuma. Fundi akaacha kukanyaga cherehani. Mkumbo akalitazama lilivyotundikwa, akaelewa, akaligeuzia mgongo, akaingiza mkono wa kushoto, akajitikisa bega la kulia mara moja. Likakaa.

Akashika kifungo cha juu. Kikateleza. Elizabeti akasogea mbele, mikono tayari.

"Acha," akasema baba yake.

Akashika tena. Ukucha ukaingia kwenye mfereji. Pindo halikukimbia. Kifungo kikapita. Nadhani nilikuwa sijavuta pumzi tangu asubuhi. Cha pili kikapita upesi. Cha tatu hakukitazama hata kidogo, alikuwa anamtazama bintiye.

Kisha akavifungua vyote. Akavifunga tena. Akavifungua tena, akavifunga tena, kama mtoto na mlango mpya, na sisi wote tumesimama pale, hata Mhindi alitoka dukani na penseli sikioni.

"Haya, mama," akamwambia Elizabeti. "Nenda kaolewe."

Elizabeti akacheka, halafu kicheko kikageuka kilio, akajifunika uso kwa kitenge. Mkumbo akapeleka mkono kwenye mfuko wa ndani, upande wa kulia, akatoa leso niliyokuwa nimeitia humo, akampa.

Walipokwisha kuondoka, Fundi Abedi akarudi kwenye cherehani chake kana kwamba hakuna kilichotokea. Mimi sikuweza kukaa. Nikamwuliza lile lililonikaa kooni.

"Fundi, wewe ulijua tangu siku ya kwanza kwamba hawezi kujifunga. Ulimtazama mara moja tu. Nami nimekunywa maji ya sindano siku mbili, nimefunga mkono, nimemwaga chai, ndiyo nikajua. Niambie kweli. Ile sindano, ulipoimeza iliuma?"

"Sindano gani?"

"Iliyo nyuma ya jicho."

Akajaribu kuzima kicheko, akashindwa, akafuta lile jicho kwa ncha ya kanzu. "Ntandu, hili jicho liliingiwa na moshi wa pasi ya makaa, mwaka niliokuwa najifunza kama wewe. Sijameza sindano. Siku ile Mkumbo alipokuja lilikuwa jua la saa saba, watu wote wamefungua vifua, na yeye amefungwa shati mpaka kifungo cha shingoni, jasho linamtiririka, wala hakifungui. Nikajiuliza kwa nini. Basi."